Mlima wa Ukweni

Kaka yangu Ansbert aliachiwa baiskeli ya mbio na Mzungu, na mimi tangu siku ya kwanza sikuipenda. Haikuwa na keria, haikuwa na madigadi, haikuwa na kengele, na tairi zake zilikuwa nyembamba hata nikauliza kama zenyewe bado zinakuja. Baiskeli isiyoweza kubeba mkungu mmoja wa ndizi ni ya nini huku kwetu Ngara? Ansbert aliizunguka pale uani kwake kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari, akaniambia kwamba mimi Speciosa sielewi mambo, kwamba uzuri wake ni wepesi. Nikamwambia hata unyoya ni mwepesi, na hakuna anayeupanda.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nane. Wanyarwanda walikuwa wameshaondoka, Warundi ndio waliobaki katika kambi ya wakimbizi ya Lukole, na Ansbert alikuwa na kazi kambini, ya kuangalia pampu za maji chini ya mhandisi mmoja wa Kizungu. Mkataba wa mhandisi ulipokwisha akagawa vitu vyake. Mmoja alipata redio, mwingine godoro, Ansbert akapata baiskeli pamoja na katoni ya vipuri na kaptura ya kuiendeshea. Kaptura hiyo nashindwa kuieleza bila kuona haya. Ilikuwa nyeusi, ya kitambaa kinachovutika, inambana mtu kuanzia kiunoni hadi juu ya magoti, na hakuna inachoficha. Nilimwambia akiivaa asipite mlangoni kwangu.

Akawa anakwenda nayo kazini, Kasulo hadi Lukole, na huko njiani ndiko balaa lilikoanzia. Kwetu kila mtu husukuma baiskeli mlimani, na si aibu hata kidogo. Mtu amepakia ndizi, au madumu ya pombe, au gunia la yale mahindi ya njano ya mgao. Akifika mlimani anashuka, anasukuma, na mnaokutana naye mnampisha na kumpa pole. Pole ile ni ya mzigo. Sasa kaka yangu alikuwa anasukuma baiskeli tupu. Mwanamume mzima, mwenye afya, baiskeli nyepesi kama alivyojisifu mwenyewe, anaikokota mlimani haina kitu juu yake wala nyuma yake. Wanawake wa Kirundi waliokuwa wakirudi na kuni walimsimamia barabarani wakamuuliza, baba, umebeba nini? Mmoja alijitolea kumwekea mzigo wake wa kuni juu ya kiti, angalau ionekane kuna sababu. Wakambandika jina la Mchunga Baiskeli, na jina hilo likamfuata mpaka kwenye benchi la kanisani.

Ndipo akaileta kwa Kwizera. Kwizera alikuwa fundi, mkimbizi kutoka Burundi, amejitandikia turubai lake pale sokoni Kasulo jirani kabisa na meza yangu ya maharage, kwa hiyo yote yaliyosemwa niliyasikia, na mengine niliyasema mimi. Alifungua ile katoni ya vipuri, akacheka kwa furaha kama mtu aliyekuta nyama kwenye mchuzi.

Naomba nieleze, maana hata mimi ilibidi nielezwe. Kwenye pedali za baiskeli kuna lile gurudumu la meno ambalo cheni hulizunguka. Sisi tuliliita sahani. Baiskeli zetu zina sahani moja, basi, hakuna la kuchagua. Ya Ansbert ilikuwa na mbili, kubwa na ya kati, na kidude cha kuhamishia cheni kutoka hii kwenda ile. Ndani ya katoni kulikuwa na seti nyingine yenye sahani tatu: kubwa, ya kati, na kadogo kalikokaa ndani kabisa, pamoja na ekseli yake ndefu. Mhandisi alikuwa amenunua zote mbili na hakuwahi kuifunga ya pili. Kwizera akasema achague, mbili au tatu, na achague mara moja tu, kwa sababu nyuzi za skrubu pale ekseli inapoingia zimeanza kulika na yeye hatazifungua tena.

Ungedhani ni uchaguzi wa diwani. Wanaume wasio na kazi walikusanyika, kila mmoja na hoja zake. Waliotaka mbili walisema ni nyepesi zaidi, cheni haipotei, na kwenye tambarare hakuna wa kukukuta. Ansbert mwenyewe moyo wake ulikuwa huko, kwa sababu mhandisi aliwahi kumwambia kwamba washindani wa kweli wanatumia mbili. Tatu ni za wazee na watalii. Kwizera alitaka sahani tatu, na hakupepesa macho.

"Weka tatu, mkubwa," alisema. "Mirima ya huku haina heshima. Kwa mbili utaendelea kuitembeza kama mbuzi."

Mimi nilitaka abaki na mbili, na si kwa utaalamu. Kwizera alishika pedali akanionyesha jinsi ile sahani ndogo inavyofanya kazi: mguu unazunguka duara zima, tairi linasogea hatua ya mtoto. Unapanda, ndiyo, umekaa kwenye kiti kama bwana, lakini mwendo ni wa mtu anayetembea, pengine hata chini yake. Nikasema mwanamume akichezesha miguu namna hiyo bila kufika popote, heri asukume. Wakacheka. Ansbert hakucheka, na ilibidi nitulie, kwa sababu nilijua alichokuwa anafikiria. Alikuwa anafikiria mlima wa ukweni.

Wifi yangu Deodata alikuwa ameondoka. Kwao ni Nyamigogo, upande wa Biharamulo, na mwishoni mwa masika baba yake, mzee Ndassa, alifariki. Deodata alipanda lori la kwanza lililopatikana. Ansbert akabaki nyuma, eti ofisini wamemwahidi gari, atakwenda kama mtu wa heshima. Akalisubiri gari. Mzee akaoshwa, akaombewa, akazikwa, mkwe bado yuko Kasulo amevaa shati lililonyooshwa anasubiri gari. Halikuja. Akatuma turubai na sukari kwa mkono wa dereva mmoja. Mkwe wa kwanza wa mzee hakutupa hata konzi ya udongo kaburini. Yalitupwa matone ya mvua juu ya turubai lake. Deodata alikaa msibani amejifunika khanga usoni kwa sababu kila mwombolezaji alikuwa anauliza mumewe yuko wapi. Matanga yalipoanuliwa hakurudi. Alituma neno kwamba mumewe akimtaka aje mwenyewe, asilete turubai. Baadaye baba yake mdogo, Audax, akatuma neno zito zaidi: wazee watakaa Jumapili alasiri, mkwe asipofika, au akifika kwa dharau, watarudisha mahari na binti yao atabaki kwao.

Kwa hiyo unaona. Haikuwa habari ya sahani. Nyumba ya akina Deodata iko juu ya mlima mrefu kandokando ya lami, na nyumba za majirani zimeutazama mlima huo mwanzo hadi mwisho. Mkwe aliyekosa mazishi, aje akisukuma baiskeli tupu mbele ya kijiji kizima? Wangemcheka kabla hajapiga hodi, na baada ya kumcheka wasingemsikiliza. Malori yalikuwa yanasubiri kusindikizwa na polisi kwa sababu ya majambazi wa porini, leo yanakwenda, kesho hayaendi, na habari ya kusubiri gari Ansbert alikuwa hataki hata kuisikia. Akamwambia Kwizera afunge tatu.

Kwizera akafunga. Akamkazia na mikanda ya pedali, ile inayoshika vidole vya viatu, akamwonya kwamba mlimani asithubutu kusimama ghafla, maana miguu ikiwa imefungwa na mwendo ni mdogo, mtu anaanguka ubavu.

Jumapili asubuhi aliondoka na wauza dagaa waliokuwa wakirudi Biharamulo, akapita nao pori salama. Alikuwa amevaa kaptura ile. Suruali yake ya kitambaa, shati jeupe na kitenge cha mama mkwe vilikuwa kwenye mfuko mgongoni, akiwa na nia ya kubadili nguo kwenye kona ya mwisho, kabla ya nyumba. Ukimuuliza kwa nini hakuvaa suruali tangu mwanzo atakwambia cheni ingeichafua kwa mafuta. Ana jibu kwa kila kitu. Njia nzima sahani tatu zilimpa raha. Wauza dagaa walikuwa wanashuka kwenye baiskeli zao kila mlima, wanasukuma makapu yao, yeye anapanda polepole kando yao amekaa, wanamwangalia miguu inavyozunguka, na kwa mara ya kwanza tangu aipate baiskeli ile hakuna aliyemuuliza amebeba nini. Chini ya mlima wa ukweni akaagana nao, wao wakashika njia yao, yeye akaingiza cheni kwenye sahani ndogo akaanza kupanda peke yake.

Hapa lazima niseme jambo ambalo huku kila mtoto analijua. Kwetu, na upande wa Biharamulo ni vilevile, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni na hawatajani majina. Atasema "yule mama", au "bibi yake Joan", kwa kuwa Joan ni mtoto wa Ansbert na Deodata, aliyebaki Kasulo. Jina lenyewe haligusi. Mama naye jina la mkwewe haliweki kinywani hata akiwa peke yake shambani. Wakikutana njiani mwanamume ndiye huingia porini, anasimama nyuma ya kichaka amegeuka, mpaka mama apite. Mama huvuta khanga usoni na kupita kana kwamba hakuna mtu. Si chuki. Ni heshima yao, na ikivunjika imevunjika.

Mama mkwe wa kaka yangu ni Mama Bonifasia. Mimi naweza kumtaja, si mkwe wangu. Siku ile alikuwa anatoka bondeni na mzigo wa mihogo kichwani, ya kuwapikia hao wazee watakaokuja kumhukumu mkwewe. Aliingia barabarani katikati ya mlima, mbele ya Ansbert, akashika njia ya kupanda.

Ansbert alimtambua kwa mwendo. Kumpita asingeweza: amkute, awe bega kwa bega na mama mkwe, na ile kaptura, halafu amtangulie akiwa amemwinulia mgongo na yaliyo chini ya mgongo? Kusimama asingeweza, miguu imefungwa, angeanguka kwa kishindo nyuma yake. Kuingia porini na baiskeli ndiyo kabisa, pembeni palikuwa na mtaro wa mawe. Basi akafanya kile alichoona ni adabu. Alipunguza mwendo. Akabaki nyuma ya mama, mbali kidogo, akiomba Mungu akate njia ya pembeni. Na ile sahani ndogo ikamruhusu. Kwa sahani mbili angekuwa ameshashuka zamani, viatu vyake vinasikika kwenye lami, mama anageuka, anaona mtu na baiskeli yake, anavuta khanga, yamekwisha. Kwa tatu alikuwa anaweza kwenda taratibu kama bibi mwenye mzigo. Mama akipunguza, naye anapunguza. Mama akisimama kupumua, yeye anayumba huku na huku mahali pamoja mpaka mama aanze tena.

Baiskeli haina kengele, haina madigadi ya kulia, imepakwa mafuta na Kwizera mpaka imekuwa bubu. Mama Bonifasia hakusikia baiskeli. Alisikia mwanamume anahema. Nyuma yake, karibu, hampiti, haamkii, anakwenda anapokwenda na kusimama anaposimama. Na miaka ile, kwenye barabara ile, kila mama alikuwa na habari ya mtu aliyefuatwa hivyo.

Alivumilia kipande kirefu cha mlima, masikini, maana hakutaka kupiga kelele bure. Kisha akaitupa mihogo, akapiga yowe, akakimbia.

Waliotoka hawakuwa wachache. Sungusungu wa kijiji walikuwa na zamu hata Jumapili, na kiongozi wao, mwanamume mnene aitwaye Bulugu, alikuwa hamjui Ansbert kwa sababu alihamia pale na ng'ombe wake baada ya harusi. Ansbert alishtuka kwa lile yowe, akaacha kuzungusha pedali, akaanguka ubavu kama alivyoonywa. Walimkuta yuko chini, miguu bado imefungwa kwenye baiskeli, kaptura imemkaa kama ngozi. Wakamfungua, wakamsimamisha, wakampiga fimbo mbili tatu za kumtambulisha.

Akasema jina lake. Akasema anatoka Kasulo, amekuja ukweni, ni mume wa Deodata binti Ndassa. Mama Bonifasia alikuwa amesimama hatua chache juu yake, amewapa mgongo, khanga imefunika kichwa chote, kwa sababu sauti ile alikuwa ameshaitambua. Aliijua tangu ilipokuja kuchumbia. Wakamfungua mfuko wakaona kitenge kipya cha kike. Hiyo ikawa mbaya zaidi. Wakasema na huyo aliyevuliwa hiki kitenge mmemwacha wapi.

Bulugu hakuwa mjinga, na hilo ndilo lililomwumiza kaka yangu kuliko fimbo. Bulugu alitumia akili, tena akili ya kwetu.

"Unasema huyu ni mama mkwe wako," alimwambia. "Mkwe gani anamfuata mama mkwe wake mgongoni mlima mzima? Mkwe angeingia porini. Na mkwe gani anakwenda ukweni amevaa hivi?"

Ansbert aeleze nini? Habari ya mikanda ya pedali? Habari ya meno ya sahani, kwamba angekuwa na mbili angekuwa anatembea? Alifungua kinywa akaanza kusema sahani, na kijana mmoja akampiga kofi, akidhani anawatania. Bulugu akamgeukia mama, akamuuliza kwa upole kama anamjua mtu huyu. Mama hakugeuka. Angemtazama vipi? Akamuuliza tena, kama kweli huyu ni mkwewe amtaje jina lake, alinganishe na alilojitaja. Mama akazidi kujifunika. Na kila aliyekuwa pale akaelewa kimya kile kwa namna yake: amekataa, hamjui. Mtu wa nyuma akaanza kuuliza petroli iko kwa nani.

Alisema hivyo, nami sitazunguka. Miaka ile mtu aliyedhaniwa jambazi hakufikishwa mbali, na Ansbert alilijua hilo vizuri, alishaona kilichobaki cha wengine kandokando ya barabara ya kambi. Anasema hakufikiri Deodata wala Joan. Alifikiri kwamba atakufa na kaptura ile mwilini.

Mama Bonifasia akageuka. Alishusha khanga mabegani, kichwa kikabaki wazi, akateremka zile hatua mpaka mbele yake. Akamtazama. Hakutazama pembeni, hakutazama chini. Alimtazama usoni, kisha mwili mzima, ile kaptura na yote yaliyomo, kama mnunuzi wa ng'ombe, kwa sababu watu walitaka kuona kwamba ametazama na ana hakika. Kaka yangu alijaribu kujiziba kwa mikono na vijana walikuwa wamemshika mikono.

"Ni Ansbert," alisema. "Ansbert mume wa Deodata. Nilimpa mwanangu mwenyewe. Mwacheni."

Wale wanaume waliokuwa na fimbo wakatazama lami. Ni kama mama huyo alikuwa amevua nguo mbele yao na wote wamechelewa kufumba macho. Bulugu akamwachia Ansbert, akaokota suruali yake, akaikung'uta vumbi, akampa, akaomba radhi, na aliyeombwa radhi si Ansbert. Aliombwa mama. Yeye akaanza kuokota mihogo yake kipande kimoja kimoja na hakumruhusu mtu amsaidie. Ansbert ananiambia mpaka leo kwamba angependa wangemaliza kumpiga.

Alifika kwenye uwanja wa ukweni akisukuma baiskeli. Kijiji kizima kilikuwa kimesimama kandokando ya njia, na hakuna hata mmoja aliyemcheka. Habari zilikuwa zimemtangulia. Wazee walikuwa wameketi, Audax katikati, na maneno waliyoyaandaa juu ya mazishi, juu ya turubai, juu ya gari la ofisini, yalikuwa yamewakauka. Utamgombeza nini mtu ambaye mama mkwe wake ametoka kumtaja jina barabarani? Audax alikohoa kwa muda mrefu. Mwishowe akasema shauri la Deodata liahirishwe. Kwanza mkwe alete mbuzi, mila ifanywe, mama apate kujifunika tena kama zamani. Mpaka hapo yeye Audax hana uso wa kuzungumza.

Mama Bonifasia alikuwa ndani jikoni, na mlango ulikuwa wazi. Akajibu kutoka huko, kwa sauti ya kawaida.

"Sitaki mbuzi," alisema. "Nimeshamwona, nimeshamtaja. Mbuzi ataniondolea nini machoni? Mwambieni aingie ale. Kama si mkwe wangu tena, basi ni mtoto."

Wazee wakatazamana. Nimewauliza watu wazima wa pande zote, Ngara na Biharamulo, na hakuna aliyewahi kusikia jambo kama hilo. Wengine wanasema ni huruma. Mimi nasema ni huruma, lakini ni ile ambayo mtu unaipokea ukiwa umepiga magoti. Ansbert aliingia. Mama alimnawisha mikono mwenyewe, akamwekea ugali wa muhogo na maharage, akaketi mbele yake kama anavyoketi mtu anayehakikisha mtoto mgonjwa anakula. Kila Ansbert alipoinua kichwa aliyakuta macho ya mama pale. Akamwuliza habari za Joan. Akamwuliza kama fimbo zimemwumiza sana. Ansbert alikuwa anajibu ndani ya bakuli, machozi yanaingia kwenye mchuzi, naye mama anajifanya haoni, ingawa kujifanya huko hakukuwa na maana tena, kwa kuwa alikuwa anamtazama usoni.

Deodata alisimama mlangoni muda wote huo. Aliporudi Kasulo aliniambia kwamba alikuwa ameshaamua kumwacha. Alikuwa na maneno yake tayari, alikuwa ameyapanga tangu matanga, na alitaka kuyasema mbele ya wazee, wayasikie. Asubuhi alimkuta mumewe uani anafunga mfuko, hajalala, hajathubutu kumwomba chochote.

"Narudi na wewe," alimwambia. "Nikikuacha sasa, mama atakuwa amejivua heshima yake kwa ajili ya mtu wa nje."

Ansbert akaanza kushukuru. Deodata akamwambia asimshukuru.

Mama Bonifasia akawasindikiza hadi barabarani, kichwa wazi, akitembea kando ya mkwewe mbele ya majirani wote waliokuwa wametoka kuchota maji. Walipofika kwenye lami akampa mkono. Mama wa watu, mzee, akampa mkono mwanamume aliyemwoa binti yake.

"Safari njema, Ansbert," alisema.

Kaka yangu alishika mkono ule akiwa ametazama miguu yake. Tangu hapo mama akija kwetu humwita hivyo hivyo, Ansbert, kwa sauti ya kawaida, mbele ya yeyote, na kila akimwita, mwanamume yule mzima huinuka alipokaa na kusimama ameinamisha kichwa mpaka aambiwe akae.